Rozela, karanga na chupa ya "kusafisha ini": tathmini ya duka moja la bidhaa za mimea Dodoma

Duka ninalolitathmini lipo upande wa Majengo hapa Dodoma, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, na huuza bidhaa za mimea zilizokaushwa au kusagwa: rozela, unga wa ubuyu, unga wa mlonge, manjano, tangawizi, zabibu kavu, karanga na siagi ya karanga. Pamoja na hizo kuna rafu moja iliyobandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu nene, "AFYA YA INI". Nimelitembelea mara nne kati ya Juni na Agosti, nimenunua karibu kila kitu kilichokuwa kwenye rafu hiyo, na nimekaa na wahudumu wake kwa muda wa kutosha kuona wanavyofanya kazi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa lawama yangu kubwa inahusu bidhaa ambayo nimeiona katika maduka mengine mengi pia, na si haki mmoja aibebe kwa niaba ya wote.

Nina sababu mbili za kulichunguza kwa karibu. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 19, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupima damu, vikiwamo vipimo vya utendaji wa ini. Zaidi ya hapo, kaka yangu mkubwa anayeishi Kondoa aligundulika kuwa na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu, na tangu siku ile familia yetu imekuwa ikipokea ushauri wa kila namna kutoka kwa watu wanaotutakia mema: mpeni mlonge, mchemshieni rozela, kuna chupa fulani imemponya jirani. Watu hao hawana nia mbaya hata kidogo. Lakini mgonjwa wa ini akipewa vitu kumi kwa wakati mmoja, ini lake ndilo litakalolazimika kuvichakata vyote kumi, na hilo ndilo lililonifanya nianze kuuliza kila kimoja kina nini ndani yake na kimethibitishwa na nani.

Nianze na rozela, kwa sababu ni miongoni mwa bidhaa nzuri kabisa dukani humo. Vikonyo vyake ni vizima, vyekundu vilivyokolea kuelekea rangi ya damu ya mzee, na ukikibana kimoja kati ya vidole kinavunjika kwa mlio mdogo badala ya kupinda, maana yake kimekauka barabara. Chini ya mfuko sikukuta mchanga. Nusu kilo niliuziwa kwa Sh 5,000, na risiti ya mashine nilipewa bila kuiomba. Nyumbani niliiloweka usiku kucha katika maji baridi, nikamimina vijiko viwili vya juisi yake kwenye kikombe cheupe, kisha nikanyunyizia magadi kiasi cha ncha ya kisu. Wekundu ulikimbia papo hapo, ukawa zambarau iliyofifia, ukaishia kwenye kijani chenye ukijivu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa rangi ya rozela hutokana na kemikali za mmea ziitwazo anthosayanini, ambazo hubadilika kadiri uchachu wa maji unavyobadilika. Juisi nyekundu niliyokuwa nimeinunua kwa mchuuzi wa barabarani, niliyoitia magadi kwenye kikombe cha pili, ilibaki nyekundu vilevile, na kwa hiyo naamini wekundu wake ulitoka kwenye pakiti ya rangi.

Anthosayanini ni miongoni mwa antioksidanti, neno ambalo siku hizi limeandikwa kwenye kila kopo, nalo linastahili kuelezwa kabla halijaendelea kutumika kama hirizi. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Pombe tunayokunywa, dawa tunazomeza na sumu zilizofichika ndani ya chakula hupitia humo ili zivunjwevunjwe, na katika kuvunjwa huko huzalishwa molekuli zisizotulia ziitwazo radikali huru, ambazo zimepungukiwa elektroni na hivyo huipokonya molekuli iliyo jirani. Jirani aliyepokonywa naye hupokonya wa pili. Uharibifu huo husambaa kwenye mafuta yanayounda kuta za seli, mfano wa moto ulioshika nyasi za kiangazi kule Chamwino upepo ukiwa unavuma. Antioksidanti ni ile molekuli inayokubali kutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka kuwa mpokonyaji, na hapo mfululizo hukatika.

Jambo ambalo karatasi ya dukani haikulitaja ni kwamba ini lenyewe hutengeneza antioksidanti zake, na iliyo kuu kati ya hizo ni glutathioni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni parasetamoli. Mtu akimeza dozi sahihi, sehemu ndogo ya dawa hiyo hugeuzwa na ini kuwa sumu kali, na glutathioni huidaka sumu hiyo kabla haijadhuru seli. Akipitiliza kiwango cha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, akiba ya glutathioni inaweza kuisha na seli za ini zikaanza kufa. Dawa anayopewa hospitali, asetilisisteini, kazi yake kubwa ni kulipatia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni nyingine. Katika tiba zote zinazolenga kulikinga ini dhidi ya uharibifu wa oksidisheni, hii ndiyo ninayoiamini bila wasiwasi, kwa kuwa inaokoa maisha ya watu, wala haiuzwi kwenye rafu.

Unga wa mlonge niliununua kwa Sh 4,000 kwa gramu 250. Ni wa kijani kibichi, ishara kwamba majani yalikaushwa kivulini. Ule wa kahawia unaouzwa kwenye vipakiti vya nailoni umekwishaunguzwa na jua. Majani ya mlonge yana antioksidanti kama kwesetini, asidi ya klorojeniki na karotini, na hayo hayana ubishi. Kinachobishaniwa ni yanafanya nini baada ya kuliwa. Kijana aliyenihudumia aliniambia kwa heshima zote, "Shikamoo mama, huu umepimwa maabara, una nguvu ya kuondoa sumu kuliko machungwa." Nilimwitikia na kumuuliza ulipimwaje. Hakujua, na si kosa lake, kwa hiyo nilimweleza kipimo kinachotumika mara nyingi.

Unachukua kemikali iitwayo DPPH, unaiyeyusha kwenye methanoli, na inakuwa zambarau iliyokolea. Unaongeza matone machache ya dondoo la mmea, yaani majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye mmea huo. Ikiwa dondoo lina antioksidanti, zambarau hiyo inapauka taratibu mbele ya macho yako hadi inabaki rangi ya njano iliyofifia, na mashine hupima upaukaji huo kwenye mwanga wa nanomita 517. Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, na wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wamekifanya. Mara ya kwanza nilipokitazama nilisimama pale nikishangaa kama mtoto. Hata hivyo kinaonyesha kile ambacho mmea unaweza kufanya ndani ya chupa ya kioo, mahali pasipo na tumbo, utumbo wala damu. Sehemu kubwa ya antioksidanti za mimea haifyonzwi vizuri, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na kilichotiwa kwenye kichupa cha majaribio.

Hatua inayofuata kwa watafiti ni panya. Panya hupewa dondoo la mmea kwa siku kadhaa, kisha hudungwa kaboni tetrakloridi, kemikali ambayo ini huigeuza kuwa radikali huru yenye ukali mkubwa, na baadaye vimeng'enya vya ini, ambavyo huvuja kwenye damu seli za ini zikiumia, hupimwa kwenye damu yake. Rozela imefaulu jaribio la namna hii, mlonge umefaulu, manjano yamefaulu, na orodha ya mimea iliyofaulu ni ndefu kiasi kwamba kufaulu peke yake hakutofautishi mmea mmoja na mwingine. Panya huyo amekingwa kabla ya sumu na anajeruhiwa kwa siku moja au chache. Kaka yangu ana virusi ndani ya seli za ini, amekaa navyo miaka asiyoijua idadi yake, na sumu anayokutana nayo inaingia kidogo kidogo kwenye sahani yake. Hizo ni hali mbili tofauti, na mwenye duka anapotumia matokeo ya panya kumuuzia mgonjwa bidhaa, anaruka mto mpana sana.

Kuna maelezo yaliyoniridhisha zaidi kuhusu faida ya mboga na matunda, nayo ni kwamba kemikali nyingi za mimea hazifanyi kazi kwa kudaka radikali huru moja moja, bali kwa kuliamsha ini lijilinde. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, ambayo ikichokozwa kidogo na kemikali hizo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazozalisha vimeng'enya vya kinga na glutathioni. Kemikali za kabichi, figiri na mboga za jamii hiyo zinajulikana sana kwa kazi hii. Hili likikubalika, basi anayekula ugali kwa mlenda, mchicha na figiri kila siku anafanya zaidi ya yule anayelamba kijiko cha unga mara moja kwa wiki, na unga wa mlonge unafaa kuhesabiwa kama mboga iliyokaushwa, chakula chema wakati wa kiangazi ambapo mboga mbichi hupanda bei. Kwa matumizi hayo nimeununua mara mbili, na nitaendelea kuununua. Unga wa ubuyu nao ni mzuri, mweupe wenye ukakasi unaostahili, ingawa kiasi cha vitamini C hutofautiana sana kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine, na tangazo la "mara sita ya chungwa" lililobandikwa juu yake haliwezi kuwa kweli kwa kila mfuko.

Zabibu kavu zao ni za hapahapa Dodoma, ndogo, nyeusi na tamu. Ninachoomba ni kwamba wahudumu waache kuwaambia wateja kuwa mvinyo mwekundu ni dawa ya ini kwa sababu ya resveratroli, antioksidanti ya maganda ya zabibu. Resveratroli iliyomo kwenye glasi moja ni kiasi kidogo sana, ilhali pombe iliyomo humo ini hulazimika kuivunja kwa njia zilezile zinazozalisha radikali huru. Mtu wa Dodoma ana zabibu mbichi sokoni msimu unapofika. Azile na maganda yake.

Kwenye rafu ya ini kuna pia kapsuli za aina mbili zinazotoka nje ya nchi. Aina ya kwanza ni ya silimarini, dondoo la mbegu za mmea uitwao Silybum marianum, wenye miiba kama mbaruti na maua ya zambarau. Huu ndio mmea wenye historia ndefu zaidi katika utafiti wa ini, na sehemu yake iitwayo silibinini hutumika Ulaya kwa njia ya mshipa kwa watu waliokula uyoga wenye sumu. Kwa magonjwa ya kawaida habari ni tofauti. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 154 wa homa ya ini C ambao tiba ya intaferoni haikuwasaidia. Walipewa silimarini miligramu 420 au 700 mara tatu kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 24. Vimeng'enya vya ini havikushuka zaidi kwa waliopewa silimarini kuliko kwa wale wengine. Madhara makubwa hayakuonekana, hivyo siwezi kusema inadhuru. Ila kopo la Sh 45,000 ni fedha nyingi kwa kitu ambacho kimepimwa kwa binadamu kwa uangalifu namna hiyo na hakikuonyesha faida.

Aina ya pili ni kapsuli za manjano yaliyoongezwa dondoo la pilipili manga, na hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Manjano ya jikoni hayana tatizo. Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, ni takriban asilimia 3 ya unga, na mwili huifyonza kwa shida. Pilipili manga ina piperini, ambayo huongeza ufyonzwaji wa kurkumini mara nyingi, na ndiyo sababu watengenezaji huzichanganya. Matokeo yake ni kwamba ini linapokea kiasi ambacho chakula hakijawahi kulipelekea. Italia ilirekodi kundi la watu walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za namna hii, na mwaka 2022 wizara ya afya ya nchi hiyo iliagiza ziwekwe onyo na zisitangazwe kuwa zinasaidia ini. Dondoo la chai ya kijani nalo limepata onyo la aina hiyo: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba dozi ya miligramu 800 au zaidi kwa siku ya kemikali yake kuu katika virutubisho huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kitu kinaweza kuwa antioksidanti ndani ya kikombe na kikawa mzigo ndani ya kapsuli. Duka liliweka kapsuli hizi chini ya maneno "AFYA YA INI", na nadhani zingestahili kuondolewa hapo mara moja.

Sasa nije kwenye chupa. Ni ya plastiki, ya nusu lita, yenye maji ya kahawia na lebo inayosema kuwa husafisha ini, huondoa sumu zote na hutibu homa ya ini B na C ndani ya siku 60. Bei ni Sh 35,000. Niliigeuza pande zote nikitafuta orodha ya mimea iliyomo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, na namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kati ya hivyo vinne nilikuta tarehe peke yake. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, ina waganga waliosajiliwa na dawa za asili zilizosajiliwa, na mimi ni mtu ninayeiheshimu tiba hiyo. Ndiyo maana chupa hii inaniuma. Mganga makini anakujua mgonjwa wake na anajua amemchanganyia nini. Chupa isiyotaja kilichomo inamnyima hata daktari wa zamu uwezo wa kukusaidia ukipelekwa kwake macho yakiwa ya njano. Na ipo mimea inayoua ini: kule Afrika Kusini mmea uitwao impila, Callilepis laureola, umewahi kusababisha vifo vingi kwa kuharibu ini na figo, na ulitumiwa kwa nia ya kuponya.

Kaka yangu aliwahi kunywa chupa inayofanana na hii, iliyonunuliwa mahali pengine, kwa wiki nane. Siwezi kusema ilimdhuru, kwa sababu sina kipimo cha kuonyesha hivyo. Ninachokijua ni kwamba kwa wiki hizo nane aliacha kwenda kliniki akiamini anasafishwa, na aliporudi kupimwa, kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT ambacho awali kilikuwa 38 kilikuwa kimefika 212. Daktari alimwanzishia tenofovia, ambayo inavizuia virusi kuzaliana, na baada ya miezi kadhaa kiwango kikashuka. Wiki nane zile ninazihesabu mpaka leo. Mwenye homa ya ini B anahitaji kupimwa mara kwa mara hata asiposikia maumivu, na watoto wetu wanapata chanjo ya ugonjwa huo katika kliniki za serikali bila malipo; hakuna mmea kwenye rafu ile unaoikaribia chanjo hiyo kwa kinga.

Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu kwamba duka hili lina rozela nzuri na rafu mbaya, hadi ziara ya tatu, nilipopitishwa nyuma kwenye kibaraza chenye kivuli cha mwarobaini. Alikuwapo bibi mmoja ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, gunia la karanga upande wa kulia na ndoo ya bati upande wa kushoto. Alizitawanya karanga kwa kiganja, akazipitia kwa vidole viwili, akawa anaokota na kutupa kwenye ndoo, bila haraka na bila kupumzika. Nilimsalimu, "Mbukwenyi," akaitika, nami nikamuuliza zile anazozitupa zina kosa gani, kwa kuwa baadhi kwa macho yangu zilikuwa nzima. Alinipa moja mkononi. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana na upande mmoja ulikuwa na weusi mdogo, mdogo kuliko kichwa cha pini.

"Hii ilikosa maji ikiwa bado shambani, mwanangu," alisema. "Iliyokosa maji ndiyo kuvu wanaianza."

Ni kweli tupu. Fangasi aitwaye Aspergillus flavus hushambulia karanga na mahindi yaliyopata dhiki ya ukame tangu yakiwa shambani, na huendelea ghalani pakiwa na unyevu, akiacha sumukuvu. Ukame ni hali yetu ya kila mara katika mkoa huu. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947 na kushindwa, na uhaba wa mvua ulikuwa miongoni mwa sababu. Ini huigeuza sumukuvu kuwa kemikali inayojipachika kwenye vinasaba vya seli, na kwa mtu mwenye homa ya ini B hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Kwa wingi, huua haraka. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko uliogusa Chemba, Kondoa na Kiteto, ambapo watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki, wengi wao wakiwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe. Sisi wenye ndugu Kondoa tunaukumbuka mwaka ule kwa hofu.

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi au karanga, kiasi ambacho jicho halikioni na ulimi hauonji. Kupika hakuiondoi, kukaanga huipunguza kwa sehemu tu, na kusaga huificha kabisa, kwa kuwa karanga mbovu moja ikishaingia kwenye siagi hakuna atakayeiona tena. Ndiyo sababu kuchambua kwa mkono kabla ya kusaga ni kazi yenye thamani kubwa: sumu hukaa kwa wingi kwenye punje chache zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizovunjika, na ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya sumu yote. Nilimuuliza bibi zile za kwenye ndoo zinakwenda wapi, kwa sababu najua mahali ambapo huuzwa kwa bei ya chini kwa wasaga siagi. Alisema huchomwa moto. "Hata kuku hatuwapi. Mayai yao tunakula." Kijana alithibitisha na kunionyesha shimo lenye majivu. Karanga zao huanikwa juu ya turubai, hazigusi udongo, na huhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa. Siagi husagwa hapohapo siku ileile, na kopo la gramu 400 lenye tarehe huuzwa Sh 6,000.

Hata utafiti wa mimea dhidi ya sumukuvu unaelekea upande wa bibi huyu. Huko Qidong nchini China, mahali palipokuwa na saratani nyingi ya ini, watu 180 waligawanywa katika makundi mawili, na waliopewa klorofilini, inayotokana na ukijani wa majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne, walionekana kuwa na alama ya uharibifu wa sumukuvu kwenye mkojo pungufu kwa asilimia 55. Inadhaniwa kwamba klorofilini huishika sumu tumboni kabla haijafyonzwa. Ni matokeo ya kutia moyo sana, na mafundisho yake ni yaleyale ya ungo: sumu izuiwe kabla haijafika kwenye ini.

Huduma kwa ujumla ni nzuri. Kijana anasikiliza, hapandishi bei kwa mgeni, na mzani wake niliupima kwa pakiti ya sukari ya kilo moja ukawa sawa. Mtungi wa rozela wa kioo ulikuwa umewekwa dirishani jua likiupiga kuanzia asubuhi, na nilimweleza kwamba mwanga na joto huharibu anthosayanini, kama ambavyo kuchemsha rozela kwa muda mrefu kunavyofanya. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu wamweleze daktari kabla ya kuinywa kila siku, kwa kuwa rozela nayo hushusha presha.

Nilipokwenda mara ya nne, mwezi Agosti, mtungi ulikuwa umehamishiwa rafu ya chini ndani ya boksi. Kapsuli na chupa zilikuwa palepale, na kijana aliniambia mwenye duka amesafiri, lakini ameyaandika niliyoyasema. Nikanunua kilo mbili za karanga na nusu kilo ya rozela. Nusu ya karanga na rozela yote niliifunga kwenye mfuko wa karatasi, nikaipeleka stendi na kumtumia kaka kwa basi la Kondoa, pamoja na kikaratasi chenye tarehe yake ya kliniki.